Mhariri Asiye na Ndugu

Mwl. Gadiel Ephraimu (mstaafu),
Kimandolu, Arusha.

Mhariri,
Jarida la Ulimi Huru,
Kisongo, Arusha.

Ndugu Mhariri,

YAH: ALAMA MBILI (2) KATI YA KUMI (10) ILIZOPEWA DIVAI YA NDIZI IITWAYO "SHANGILIA"

Nimeanza kwa kukuita ndugu, na naomba neno hilo ulisome mara mbili kabla ya kuendelea. Mara ya kwanza ulisome kama linavyosomwa katika barua zote zinazokwenda kwa wahariri. Mara ya pili ulisome kama Hope, mtoto wa dada yangu Elirehema, ambaye nilimbeba begani mpaka kliniki siku alipoungua mguu kwa uji. Barua hii ni ya kiofisi, ndiyo maana sikuanza na habari za nyumbani. Hizo nitazileta mwenyewe Jumapili baada ya ibada.

Kwanza nitoe haki panapostahili haki. Mimi ni msomaji wako wa kulipia tangu toleo la kwanza, ulipoacha kazi ya kumimina divai kwenye hoteli ya watalii ukaamua kuwaandikia watu wa Arusha kila Ijumaa, kwenye simu zao, ni divai gani inanyweka na ipi haifai. Kabla yako tulikuwa tunachagua kwa picha. Chupa yenye farasi ilinunuliwa kuliko chupa yenye zabibu, na yenye dhahabu shingoni ilikwenda kwa wakwe. Wewe ukaja ukanunua chupa kwa hela yako, za Dodoma, za Afrika Kusini, na hizi zetu za ndizi na rozela, ukaonja, ukatoa alama. Ulimwambia tajiri mmoja wa mjini kwamba divai anayoiagiza kwa ndege ni siki yenye kizibo. Nililisoma toleo hilo kwa sauti mbele ya kamati ya majengo ya usharika. Nilisema, huyu ni mpwa wangu, na huyu hanunuliki.

Sikuishia kusifu. Niliwaandikisha watu kumi na wanne walipie jarida lako, na wengine niliwalipia mimi kama zawadi. Mchungaji nilimwandikisha. Kwaya nzima ya sauti ya nne niliiandikisha. Na Mzee Ndesanjo, ambaye kijana wake anamwoa binti yangu Lydia, nilimpa Ulimi Huru wa mwaka mzima siku ya kupokea posa, nikamwambia, "Mkwe, hapa utapata ukweli mtupu."

Ijumaa iliyopita akaupata. Watu wote kumi na wanne waliupata, saa moja na nusu asubuhi, kabla mimi sijavaa miwani. Nanakili maneno yako bila kuongeza nukta:

"Shangilia, divai ya ndizi, imetengenezwa Kimandolu. Rangi ni ya maji yaliyochemshiwa magimbi. Harufu ya kwanza ni ndizi, ya pili ni kiatu kilicholowa. Ukimeza, koo linauliza maswali. Alama: mbili kati ya kumi. Mtengenezaji asikate tamaa, ila apumzike."

Nimeshapumzika, Ndugu Mhariri. Ndiyo maana ya kustaafu. Hii divai ndiyo mapumziko yenyewe, na sasa naona sina pa kupumzikia. Kwa hiyo naleta malalamiko yangu kwa mpangilio, kama nilivyokuwa nikiwataka wanafunzi wangu wa kemia wafanye.

1. Juu kabisa ya kila toleo umeandika: "Hatupokei chupa za bure. Hatupokei matangazo. Hatuna ndugu." Mambo mawili ya kwanza nayaunga mkono kwa mikono yote miwili. La tatu si kweli. Nilikaa na daftari Jumamosi nikahesabu, na katika jiji hili peke yake una ndugu sitini na mmoja, bila kugusa upande wa Ngaramtoni alikoolewa bibi yako mdogo. Wanne kati yao ni wachanga na hawajui kwamba wamekanwa, lakini watakua na watasoma. Jarida linalojisifu kwa ukweli haliwezi kubeba uongo wa watu sitini na mmoja kwenye ukurasa wa kwanza. Mama yako nimemwonyesha mstari huo. Alisema tu, "Ee!" kisha akaenda kutoa nguo kwenye kamba, na mvua haikuwepo.

2. Soksi. Umeeleza mara nyingi kwamba kabla ya kuonja unamwambia mtu aivalishe chupa soksi, ili usione ni ya nani. Nilikuwa naona ni jambo la busara mpaka soksi ilipovalishwa chupa yangu. Ile lebo niliichora kwa siku tisa. Kuna Mlima Meru, kuna mgomba, kuna jina la mtengenezaji na sifa zake za kielimu. Lebo ni sehemu ya divai kama mwandiko ulivyo sehemu ya mtihani. Mtahini anayefunika karatasi ya mwanafunzi kwa soksi kisha akampa mbili, angeitwa na mkaguzi ajieleze.

3. Kiatu kilicholowa. Ni kiatu gani? Cha ngozi au cha mpira? Kimelowa kwa mvua au kwa umande? Harufu hizi ni tofauti kabisa, na mtu aliyefundisha kemia miaka thelathini na minne hawezi kukubali kosa la vipimo la namna hiyo. Nilichukua viatu vyangu viwili, kimoja cha kila aina, nikavilowesha kwenye beseni usiku kucha, nikavinusa asubuhi pamoja na dumu la Shangilia. Matokeo niliyaandika lakini siyaambatanishi, kwa sababu utafiti bado unaendelea.

4. Ushahidi wa waonjaji wengine umeupuuza kabisa. Jirani yangu Frederick amekunywa Shangilia kila Jumamosi kwa miaka mitano, na kila mara anasema, "Mwalimu, hii imetulia." Frederick ni mtu wa kuaminika sana katika jambo hili, maana hajawahi kusema kinywaji chochote kibaya tangu nimfahamu. Loserian, anayeniuzia pale gulioni Ngaramtoni, ananihakikishia kwamba hakuna mteja hata mmoja aliyewahi kurudi. Hata mmoja! Katika biashara ya vinywaji rekodi kama hiyo ni nadra. Mke wangu, Mama Lydia, nilimuuliza mwenyewe. Akasema, "Mimi nimejiwekea ya harusi, nisije nikaizoea." Mwanamke anayejinyima namna hiyo anajua thamani ya kitu.

Na mimi je? Utasema mtengenezaji lazima ajipendelee. Hapana, Ndugu Mhariri. Unajua niliokoka mwaka wangu wa pili kazini, na tangu hapo kileo hakijapita midomoni mwangu, isipokuwa kile kidogo cha Meza ya Bwana. Natengeneza divai kwa sababu migomba yangu inazaa kuliko tunavyoweza kula, na kwa sababu kazi ya kuchachusha ni kemia safi. Napima joto, napima sukari, naandika kwenye daftari. Shangilia sijawahi kuionja hata tone. Kwa hiyo katika jiji zima la Arusha, mtu pekee asiye na upendeleo wowote kuhusu divai hii ni mimi. Wewe umeshaonja, tayari una maoni.

5. Hapa naomba uvute kiti. Harusi ya Lydia ni Jumamosi ya wiki ijayo. Chupa mia moja na themanini za Shangilia zimepangwa stoo, zimefungwa utepe mweupe, kila moja na majina ya maharusi. Unajua Lydia ndiye wa mwisho. Wakubwa wake waliolewa nikiwa bado nafundisha, mshahara ukawa wa kuungaunga, na kila kitu kwenye harusi zile tulichangiwa na watu. Safari hii nilitaka mbele ya wakwe kuwe na kitu kimoja ambacho baba wa bibi harusi amekifanya kwa mikono yake. Kimoja tu. Sikutaka sifa nyingine.

Basi tangu Ijumaa hakuna aliyenisema vibaya, na hilo ndilo linaloniumiza. Namnyaki, mweka hazina wa kamati ya harusi, aliandika kwenye kundi la kamati: "Mwalimu, tumeona. Tunaongeza soda." Kreti kumi za soda zikawa thelathini na tano bila kikao. Mtu mwingine akaandika, "Na maji pia." Mzee Ndesanjo amenipigia simu mara mbili kuniuliza habari za afya, habari za migomba, habari za mvua, na mara zote mbili alipofika kwenye kukata simu alivuta pumzi kama anayetaka kusema neno, kisha akasema, "Basi sawa, mkwe." Niseme wazi: nimeumia. Sijalala vizuri tangu siku ile. Mama Lydia ananiambia ni mafua.

6. Tukiacha yangu, fikiria jiji. Uhuru huu wako unaambukiza. Jumapili hii, tunatoka ibadani, Hans wa kwaya alisema mahubiri yalikuwa "sita kati ya kumi, yalianza vizuri yakakosa umaliziaji." Alisema hivyo mchungaji akiwa hatua tatu nyuma yake! Mchungaji alitabasamu, lakini nyumbani, nasikia, aliuliza sita imetoka wapi. Kesho mtu atatoa alama kwa ugali wa mama mkwe wake. Keshokutwa mtoto wa darasa la tatu atavalisha daftari la mwalimu soksi. Waganga watapewa alama, madiwani watapewa alama, wajomba watapewa alama. Hapo utatafuta mtu wa kukuambia umependeza siku ya harusi yako mwenyewe, nawe utaambiwa saba, gauni limebana mabegani. Jamii haiwezi kuishi hivyo. Imeishi miaka yote kwa kusema "nzuri, nzuri, asante," na tumefika hapa tulipo.

7. Lalamiko la saba nilikuwa nalo, lakini Mama Lydia amelisoma akaniambia niliondoe kwa sababu linamhusu baba yako.

Kutokana na hayo, naomba ofisi yako ifanye yafuatayo kabla ya Jumamosi hiyo:

(a) Alama ya Shangilia ipandishwe kutoka mbili hadi nane. Usiniambie haiwezekani. Nimesahihisha mitihani tangu mama yako hajaolewa, najua alama hupandishwaje. Unaongeza moja kwa ajili ya bidii, moja kwa ajili ya usafi, mbili kwa ajili ya mazingira magumu ya mtahiniwa, na mbili za mwisho huwa zinajileta zenyewe.

(b) Jarida lianzishe toleo la pili kila Ijumaa, liitwe Toleo la Ndugu, ambamo alama zitaanzia saba kwenda juu. Watu wanaotaka ukweli wasome la kwanza. Wanaotaka amani wasome la pili. Nipo tayari kulipia yote mawili, na kuwahamishia wale kumi na wanne kwenye la pili bila kuwauliza.

(c) Divai yoyote iliyotengenezwa na mtu aliyewahi kumbeba mhariri begani ionjwe bila soksi.

(d) Kama hayo matatu ya juu yanakushinda kabisa, basi uchapishe taarifa fupi kwamba siku ile ulikuwa na mafua. Mafua ni ugonjwa wa heshima na hayamshushii mtu hadhi. Hata mimi nimeambiwa ninayo.

Nakuhakikishia kwamba sina kinyongo. Ningekuwa nacho ningejitoa kwenye jarida, na Ijumaa hii bado nitalisoma, nikianzia ukurasa wa kwanza, kwa kuruka ule mstari wa ndugu.

Msalimie mama yako, ingawa yupo jikoni kwangu ninapoandika. Wasalimie dada zako wawili, na yule wa Njiro mwambie sufuria yetu kubwa tunaihitaji. Msalimie anayevalisha soksi. Wasalimie wafanyakazi wote wa jarida. Kama huna wafanyakazi, jisalimie mwenyewe.

Wako katika ujenzi wa familia,

Mwl. Gadiel Ephraimu
(mtengenezaji, msomaji wa kulipia, mjomba)

Nakala:
Mchungaji, kwa taarifa.
Kamati ya harusi, kwa ajili ya kupunguza soda.
Bibi yako mdogo, Ngaramtoni, asomewe.

Nyongeza baada ya sahihi.

Barua hii ilikuwa tayari kwenye bahasha leo saa tatu asubuhi alipoingia mshenga, Mzee Abdiel. Ametumwa na wakwe. Wanasema hawana neno na divai yangu na wataipokea kwa heshima zote, ila kwa desturi yao anayeleta kinywaji ndiye anayekinywa wa kwanza, mbele ya wageni, ili kila mtu aone hakuna kitu ndani. "Fundo moja tu, Mwalimu," alisema. "Lakini la kumeza. Ukilitema hilo ni jambo lingine."

Nikampigia mchungaji. Alisema fundo moja la desturi si ulevi na wala hakuna atakayekwazika. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama nimesoma Ulimi Huru wa Ijumaa.

Nikaona si vizuri nikajifunzie mbele ya watu mia tatu. Nilifungua chupa moja ya stoo, nikachukua kijiko cha chai, nikaomba, nikameza.

Hope, mwanangu.

Nilikaa chini. Mama yako alikuwa anamenya ndizi, mke wangu alikuwa anaosha vyombo. Waliniangalia, wakaangaliana, kisha wakacheka mpaka mama yako akashika ukuta. "Karibu, Baba Lydia," mke wangu alisema akijifuta macho. "Sisi wenzako tulifika huku tangu mwaka ule wa kwanza." Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Ulikuwa unaamka na furaha. Ungeamkia nini?" Nimemuuliza pia zile chupa alizojiwekea. Amekuwa akiimwagia migomba, na ndiyo sababu migomba ya upande wa choo imekauka.

Kwa hiyo watu wote wanaonipenda wamenidanganya miaka mitano, kwa mapenzi mema kabisa, na mmoja tu alikwenda gulioni akanunua chupa kwa hela yake akaniambia kitu kilichomo ndani. Madai yangu (a) hadi (d) nayafuta. Malalamiko namba moja hadi sita yafute pia, isipokuwa la tano, ambalo lilikuwa la kweli, ila halikukuhusu wewe.

Badala yake nina lalamiko jipya, na hili ni zito. Zile mbili ulizitoa wapi? Kile kinywaji hakina hata moja. Nimekuwa mwalimu maisha yangu yote na alama za huruma nazijua nikiziona. Ulipoivua ile soksi ukaona jina langu, mkono ukalegea, ukaongeza. Nataka masahihisho Ijumaa hii: sifuri, kwa tarakimu na kwa maneno, kabla Mzee Ndesanjo hajafungua chupa. Nimeambatanisha malipo ya mwaka ujao.

Halafu nijibu haraka, leo ikiwezekana: ninunue divai gani kwa ajili ya harusi ya mdogo wako? Nimeshawauliza wote hapa nyumbani, na kila ninayoitaja wananiambia ni nzuri.